Mbwa naye yumo katika ngeli ya walio hai

Msomaji apitaye katika mitaa ya Nairobi, iwe ni Lavington au Buruburu, hakosi kukutana na vibao vya bati vilivyopigiliwa misumari malangoni, vimeandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. Vibao hivyo vimekuwapo tangu utoto wangu, na katika miaka yote niliyofundisha isimu nimevitumia darasani kama mfano wa kosa la upatanisho wa kisarufi. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba nomino 'mbwa', kwa umbo lake, haina tofauti na 'nguo' wala 'nyumba', kwani umoja na wingi wake haubadiliki. Lakini Kiswahili kina kanuni moja ya heshima: kila chenye uhai, hata kiwe na umbo gani, hupelekwa katika ngeli ya A-WA. Ndiyo sababu kifaru anakimbia, si kinakimbia. Na kipepeo ameruka, si kimeruka. Mbwa, basi, ni mkali. Iliyo kali ni dawa, na pilipili, na njaa. Mwenye kuandika 'mbwa kali' amemnyang'anya mbwa herufi moja tu, lakini kwa herufi hiyo amemtoa katika kundi la viumbe na kumweka pamoja na kufuli, seng'enge na vipande vya chupa vilivyopachikwa juu ya ukuta.

Wanafunzi hucheka, nami hucheka nao, kisha tukaendelea na somo. Mwaka huu, hata hivyo, kosa jingine dogo kuliko hilo limenifanya nilitazame upya somo lenyewe, na ndilo lililonipa kalamu leo.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Eastlands, alinijia jioni moja na daftari la mwanafunzi wake wa gredi ya tano. Darasa lilikuwa limeagizwa kuandika insha juu ya kichwa 'Rafiki Yangu'. Wengi waliandika juu ya jirani au mwenzao wa dawati moja. Mvulana huyu, mkazi wa Shauri Moyo, aliandika juu ya mbwa. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa: 'Mbwa yangu inaitwa Simba.' Mwalimu, kama ipasavyo, alikuwa amekwisha kutia duara jekundu kwenye 'yangu' na jingine kwenye 'inaitwa'. Tukatikisa vichwa juu ya Kiswahili cha Nairobi, kama walimu tufanyavyo tunapokutana. Kisha tukasoma insha yote.

Wasioujua mtaa wa Shauri Moyo yafaa niwaeleze kidogo. Ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Waafrika cha Pangani kilipobomolewa na baadhi ya wenyeji wake wakahamishiwa huko. Upande mmoja kuna barabara ya Jogoo. Upande mwingine kuna uwanja wa Kamukunji na nyundo za mafundi wa jua kali zisizonyamaza. Karibu yake kuna soko la Gikomba la nguo za mitumba, na soko la Burma la nyama. Penye nyama pana mifupa, na penye mifupa hapakosi mbwa. Jina lenyewe la mtaa, likisomwa kwa Kiswahili chepesi, ni shauri la moyo: jambo ambalo mtu haulizi wa nje, huamuliwa na moyo wake.

Mvulana alieleza kwamba mbwa wao hakununuliwa wala hakuombwa. Alitokea upande wa Burma akiwa na mguu mmoja wenye jeraha, akalala mlangoni pao, na mama akamtupia ukoko wa ugali. Hakuondoka tena. Mama huyo huuza mitumba, naye hulazimika kufika Gikomba kabla ya mapambazuko, marobota yanapofunguliwa, kwani achelewaye hupata makombo. Si mwendo mrefu, lakini ni mwendo wa giza, na kina mama wengi wamenyang'anywa humo akiba ya wiki nzima. Tangu mguu ulipopona, mbwa alimfuata mama kila alfajiri. Alitembea hatua chache mbele yake mpaka ukingo wa soko, akangoja hadi mama akutane na wenzake, kisha akarudi peke yake nyumbani kulala mlangoni kwa watoto. Jioni, kabla ya yeyote ndani ya nyumba kusikia hatua za mama, mbwa angeinuka na kusukasuka mkia akielekea kichochoro. 'Hapo ndio tunaweka maji ya chai,' aliandika mvulana.

Alfajiri moja mbwa alikataa njia. Walipofika kwenye kichochoro walichozoea, alisimama mbele ya mama, akanguruma, akarudi nyuma, akasimama tena. Mama akamkemea; mbwa hakusogea. Mwishowe mama akashika barabara kuu, ingawa ni mzunguko. Asubuhi ile ile ikasikika kwamba wanawake wawili walivamiwa katika kichochoro kile.

Sehemu ya mwisho ya insha ilikuwa fupi. Mtoto mmoja wa mtaa alikuwa ameumwa na mbwa, haijulikani ni yupi. Siku chache baadaye watu wasiojulikana wakatupa nyama yenye sumu usiku, na kulipokucha mbwa watano walikutwa wamekufa, Simba akiwa mmoja wao. Sentensi ya mwisho ilisema hivi: 'Sasa mama anaenda peke yake.'

Mwenzangu akaniuliza: 'Daktari, hii nimpe alama ngapi?' Sikuwa na jibu. Nalitafuta katika safu hii, na naomba walimu na wanafunzi wanisaidie.

Swali la kwanza ni kama mtoto huyu alitia chumvi. Yamkini alitia, kwani insha bila chumvi hailiki. Lakini wakazi wa Nairobi wanayo sababu ya kutomkatalia haraka. Mwezi Mei mwaka 2005 mtoto mchanga wa kike alitupwa msituni Ngong, amefungwa katika mfuko wa plastiki. Mbwa jike asiye na jina, aliyekuwa ananyonyesha, alimpata. Mashahidi waliona akiukokota mfuko ule, akavuka barabara yenye magari mengi, akapenya seng'enge, akampeleka hadi kwenye kibanda alikokuwa akiishi na kilebu chake. Watu walivutwa na kilio cha mtoto. Alipelekwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, naye akaishi. Wauguzi walimwita Angel. Mbwa naye akapewa jina ambalo Mswahili hahitaji kufafanuliwa: Mkombozi. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Naam, mbwa koko wa Nairobi, yule tunayemrushia mawe, alifanya jambo ambalo binadamu aliyemzaa mtoto yule alishindwa kulifanya au hakupata msaada wa kulifanya.

Ulimwengu una visa vyake pia. Mashuhuri kuliko vyote ni kisa cha Hachiko wa Japani. Bwana wake, Ueno Hidesaburo, alikuwa mhadhiri wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, na mbwa alizoea kumlaki katika kituo cha gari la moshi cha Shibuya. Mei 1925 profesa alifariki ghafla akiwa kazini. Mbwa akaendelea kufika kituoni kwa takriban miaka kumi, mpaka alipokufa mwenyewe Machi 1935. Mimi pia ni mhadhiri, na nikisoma kisa hicho hujiuliza ni nani kati ya wanafunzi wangu angeningoja hata dakika kumi baada ya kengele.

Swali la pili ni gumu zaidi: uaminifu huu ni nini, na machale haya hutoka wapi? Watu wa pwani husema 'machale yamenicheza' mtu anapohisi hatari asiyoiona. Je, mbwa naye huchezwa na machale?

Hapa mwalimu wa sayansi atatuonya tusikimbilie miujiza, na onyo lake ni la haki. Mwanzoni mwa karne ya 20 mjini Berlin palikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye watu waliamini anajua hesabu. Aliulizwa tatu na nne ni ngapi, naye akagonga ardhi kwa kwato mara saba. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipomchunguza, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1907, aligundua kwamba Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alichojua ni uso wa muulizaji. Idadi sahihi ilipofika, muulizaji alilegea kidogo bila kujifahamu, na farasi akaacha kugonga. Asipoweza kumwona muulizaji, au muulizaji mwenyewe asipojua jibu, Hans alishindwa. Watu wengi hukitaja kisa hiki ili kuwadharau wanyama. Mimi nakitaja kwa sababu nyingine: kumbe mnyama alikuwa akitusoma miilini mwetu mambo tusiyojua kwamba tumeyaandika.

Na katika usomaji huo hakuna mnyama anayemshinda mbwa. Mwaka 2002 Brian Hare na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mbwa, hata kilebu, hufuata kidole au jicho la binadamu kutafuta chakula kilichofichwa, tena kwa ustadi kuwapita sokwe, walio jamaa zetu wa karibu zaidi, na kuwapita mbwamwitu waliolelewa na watu. Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana machoni, ile homoni iitwayo oksitosini, ambayo humfungamanisha mama na mtoto wake mchanga, huongezeka kwa wote wawili. Kwa mbwamwitu hawakuliona jambo hilo. Kuhusu kunusa, mbwa ana mamia ya mamilioni ya chembe za kunusia puani, nasi tuna milioni chache tu. Kwa hiyo mbwa wa Shauri Moyo hakuhitaji ndoto wala malaika ili ajue kwamba kichochoro kina watu waliojificha. Upepo ulimletea jasho lao. Masikio yake yalipata mkwaruzo wa kiatu. Machale yake yalikuwa ushahidi ambao mama hakuwa na viungo vya kuupokea.

Kwangu mimi mwanaisimu, utafiti unaonigusa zaidi ni ule uliofanywa Budapest na Attila Andics na wenzake, ukachapishwa mwaka 2016. Waliwafunza mbwa kulala tuli ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, kisha wakawasikilizisha maneno. Maneno mengine yalikuwa ya sifa, mengine hayakuwa na maana yoyote kwa mbwa; na kila aina ilisemwa kwa sauti ya kusifu na kwa sauti isiyo na hisia. Sehemu za ubongo zinazohusika na furaha ya kutuzwa ziliitikia pale tu neno la sifa lilipotamkwa kwa sauti ya sifa. Neno zuri kwa sauti baridi halikutosha. Sauti tamu yenye neno tupu haikutosha pia. Mbwa, kwa maneno mengine, alidai upatanisho: lisemwalo na jinsi lisemwavyo vikubaliane. Sisi wenye lugha hudanganywa kila siku kwa sauti tamu zenye maneno matupu, hasa majira ya uchaguzi.

Uhusiano huu haukuanza jana. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, wachimbaji walikuta kaburi la kale la mwanamume na mwanamke waliozikwa pamoja na mbwa. Kaburi hilo lina umri wa takriban miaka 14,000. Wataalamu walipochunguza upya meno ya mbwa yule, walihitimisha kwamba alikuwa kilebu aliyeugua maradhi mazito kwa majuma kadhaa, na kwamba asingeishi muda huo kama watu wasingemuuguza. Mbwa mgonjwa hawindi, hafukuzi adui, hana faida yoyote. Mtu alimpa maji kwa sababu alimpenda. Hapo ndipo ninapoona kiini cha mjadala wetu. Tumezoea kuusifu uaminifu wa mbwa kana kwamba ni kipaji chake peke yake, ilhali tangu mwanzo ulikuwa mkataba wa pande mbili. Upande mmoja ungali unautimiza.

Upande wetu nao tuusikilize katika lugha. Neno 'mbwa' ni la kale mno katika lugha za Kibantu: Waganda husema embwa, Wanyarwanda imbwa, Washona imbwa, nao wasemao Kilingala husema mbwa. Neno linapofanana hivyo toka Kongo hadi Zimbabwe, ni dalili kwamba mababu zetu walilibeba walipohama, na bila shaka waliye aitwaye kwa neno hilo alitembea nao. Lakini tazama tulivyomtendea mwenzetu huyo wa safari. Kumwita mtu mbwa ni tusi la kumaliza urafiki. Ukicheza na mbwa, twaambiwa, utaingia naye msikitini. Asiye na makao tumemwita mbwa koko, kana kwamba kukosa makao ni tabia yake na si tendo la aliyemfukuza.

Kuna watakaosema kwamba dini ndiyo iliyotufunza hivyo. Nawaomba wasome vizuri. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Kishafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Hiyo ni sheria ya tohara. Si ruhusa ya kutesa. Dini hiyo hiyo inasimulia katika Sura ya Al-Kahf habari za vijana waliolala pangoni na mbwa wao amenyoosha miguu kizingitini. Na imo hadithi sahihi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kuteremka kisimani na kumtekea maji mbwa aliyekuwa akilamba mchanga kwa kiu. Wakristo nao wakumbuke Lazaro wa Injili ya Luka, aliyelala mlangoni kwa tajiri mwenye vidonda mwilini. Tajiri alipita. Mbwa walikuja.

Sasa nije kwenye hoja ya wale waliotupa nyama yenye sumu, maana si haki kuwasema bila kuwasikiliza. Mtoto aliumwa. Mzazi yeyote angeingiwa na hofu, na hofu hiyo ina msingi. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaonekana, ni maradhi ambayo takriban hakuna aponaye. Inakadiriwa kwamba huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Na kwa Kenya makadirio yamefikia watu 2,000 kwa mwaka. Mbwa ndiye anayewaambukiza binadamu katika visa 99 kwa kila 100. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama washukiwao kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Ugonjwa huu si mgeni kwetu: ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini kwa mbwa wa viunga vya Nairobi mwaka 1912. Kwa hiyo simwambii mama wa mtoto aliyeumwa kwamba mbwa ni malaika.

Ninachosema ni kwamba sumu haikumlinda mtoto wake. Kwanza, aliyeumwa hulindwa kwa kuoshwa jeraha mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika kumi na tano, kisha kukimbizwa hospitali apate chanjo kabla virusi havijafika kwenye ubongo. Sumu iliyotupwa kichochoroni haifanyi hata moja kati ya hayo. Pili, sumu haichagui. Mbwa mwenye kichaa mara nyingi hata hali. Anayekula nyama ile ni mbwa mzima mwenye njaa, na pengine mtoto wa chokoraa. Tatu, mbwa waliouawa huacha nafasi, na nafasi penye mifupa ya Burma haikai wazi wiki mbili. Wengine huja kutoka mitaa ya jirani, wasiojulikana na mtu, wasiochanjwa na mtu. Waliokufa na chanjo wamekufa nayo. Ndiyo maana mauaji ya mbwa, popote yalipojaribiwa, hayakuondoa kichaa.

Kinachokiondoa chajulikana. Wataalamu wanasema mbwa wakichanjwa kwa kiwango cha asilimia 70, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tusiende mbali kutafuta mfano: kisiwani Pemba, ambako wakazi karibu wote ni Waislamu na wafugaji wa mbwa ni wachache, kampeni za kuchanja mbwa ziliufuta ugonjwa huu kufikia mwaka 2014. Chanjo ilipolegezwa ukarudi mwaka 2016. Chanjo iliporejeshwa, ukatoweka tena mwaka 2018. Kenya nayo ilizindua mwaka 2014 mpango wa kuwaokoa watu na maradhi haya ifikapo 2030. Mwaka huo u karibu kuliko tunavyodhani. Aidha, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, imo vitabuni mwetu tangu miaka ya 1960. Hatukosi maarifa wala sheria. Tunachokosa ni kumhesabu mbwa wa mtaa kuwa ni wa mtu.

Na hapa ndipo lile duara jekundu la mwalimu linaponirudia. Katika Kiswahili sanifu twasema 'mbwa wangu', na 'mbwa yangu' ni kosa. Hata hivyo yapo majina machache ya viumbe hai ambayo, ingawa vitenzi vyake hufuata A-WA, huchukua 'yangu' katika umilikaji. Nayo ni majina gani? Baba yangu. Mama yangu. Ndugu yangu. Rafiki yangu. Hata adui yangu, kwani adui naye ni mtu wa karibu. Ni kana kwamba lugha imetenga kijumba kidogo kwa ajili ya wale tusiowamiliki bali tunahusiana nao: ng'ombe ni wangu kwa sababu naweza kumuuza, lakini ndugu ni yangu kwa sababu siwezi.

Sidai kwamba mvulana wa Shauri Moyo aliyajua haya. Mtoto wa Nairobi husema pia 'kitabu yangu' na 'kiti yangu', na wala hana undugu na kiti. Kosa ni kosa, na mwalimu asiyelisahihisha hamtendei mtoto hisani, kwani mtihani hautamhurumia. Ila nasema kwamba kati ya makosa mawili niliyoyataja leo, moja limetoka kwa mtu mzima mwenye lango, aliyemfanya mbwa kuwa kitu; na jingine limetoka kwa mtoto asiye na lango, aliyemfanya mbwa kuwa ndugu. Darasani yote mawili hupata msalaba mwekundu. Nje ya darasa hayana uzito mmoja.

Basi walimu wenzangu, nina maombi matatu. Mpatapo nafasi katika somo la sayansi au la Kiswahili, wafunzeni watoto jinsi ya kuishi na mbwa: wasimkaribie akiwa anakula au ananyonyesha, wasimkimbie akiwabwekea, na waumwapo waseme siku hiyo hiyo bila kuogopa kugombezwa. Mtoto anayeficha jeraha kwa kuogopa fimbo huenda akapoteza maisha yake. Pili, mkisikia siku za chanjo ya mbwa zimetangazwa katika kaunti yenu, watangazieni wanafunzi gwarideni, maana ni watoto ndio wanaowajua mbwa wote wa mtaa kwa majina, na mbwa humfuata mtoto pale ambapo angemkimbia afisa. Tatu, mkikutana na kibao cha MBWA KALI njiani, simamisheni darasa mkafanye somo. Herufi moja ikirudi mahali pake, pengine na mengine yatafuata.

Nanyi wanafunzi, mkiombwa kuandika juu ya rafiki, andikeni juu ya aliye rafiki kweli, awe na miguu miwili au minne. Mengine ni kazi ya kalamu nyekundu.

Mwenzangu bado alikuwa akingoja jibu langu. Nilimwambia duara zake zote mbili zibaki, na alama za sarufi azikate kama kawaida. Kisha akachukua kalamu, na chini ya sentensi ile ya mwisho isemayo kwamba sasa mama anakwenda peke yake, akaandika swali badala ya alama: 'Anaondoka saa ngapi?' Kumbe mwalimu huyu naye hupita njia hiyo hiyo alfajiri akienda kupanda matatu barabara ya Jogoo. Nimesikia kwamba siku hizi hutoka nyumbani mapema kidogo kuliko zamani.